Ni Nani Anayeisemea Filamu Bubu?



Ukipita katika kituo cha biashara wakati wa jioni, hapa kwetu Nkanka au kule mjini Kamembe, huenda ukasikia sauti ya mtu mmoja ikigomba, ikilia, ikicheka na kubembeleza kwa zamu. Ukichungulia ndani utaona vijana wameketi mbele ya televisheni. Kwenye kioo, Mmarekani anafyatua bunduki na Mhindi anamlilia mchumba wake, lakini maneno ya wote, ya shujaa na ya adui, ya bibi na ya mjukuu, yanatoka katika kinywa kimoja, nacho kinasema Kinyarwanda. Filamu hizo tunaziita agasobanuye, yaani zilizofafanuliwa. Marehemu Nkusi Thomas, aliyejulikana zaidi kwa jina la Yanga, alipendwa nchini kote kwa kazi hiyo. Waganda wana wafasiri wao wanaowaita VJ, Wakenya wanamjua DJ Afro, na Watanzania walikuwa na Lufufu, aliyezifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili.

Wanafunzi wangu hudhani kwamba ufundi huo ulizaliwa pamoja na kanda za video. Leo nataka nikuoneshe kuwa umri wake unakaribia umri wa sinema yenyewe, na kwamba ndani yake limo swali linalomhusu kila raia: picha inapokuwa haisemi, ni nani anayeisemea? Ili tulijibu, tutakwenda kwanza Bengali, nchini India, ambako hadithi fupi iligeuzwa filamu mwaka 1923. Kisha tutarudi Afrika Mashariki, katika milima ya Usambara, ambako miaka kumi na kitu baadaye ngano ya sungura na chui nayo iliingizwa katika filamu. India na Tanganyika zote mbili zilitawaliwa na Uingereza wakati huo. Hata hivyo, hadithi zao zilipita katika mikono tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo letu.

Picha zisizo na ulimi

Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Tunaposema "filamu bubu" tunamaanisha filamu ambayo watu wake hufumbua vinywa, hugombana na kuimba, lakini hatuwasikii. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonesha picha zao kwa watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris, Desemba 1895, hapakuwa na neno lolote lililotoka kwenye picha hizo. Hali iliendelea hivyo kwa takriban miaka thelathini. Watengenezaji wa filamu waliikata picha na kuingiza maandishi mafupi, yakaonekana kwa muda kisha yakaondoka: "Siku ya pili…" au "Baba, nisamehe!"

Lakini kimya hicho kilikuwa cha picha peke yake; ukumbini kulikuwa na sauti. Palikuwa na piano au ngoma. Nchini Japani alikuwapo mtu aliyeitwa benshi, ambaye alisimama kando ya kitambaa cheupe na kuwasemea wahusika wote, mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto. Baadhi ya mabenshi walipata sifa kuliko waigizaji wenyewe, na watu walilipa kiingilio ili kuwasikia wao. Nchini India maandishi ya filamu yaliwekwa kwa lugha mbili au zaidi, na kwa kuwa wengi ukumbini hawakujua kusoma, waliwategemea wale waliosoma kwa sauti. Kwa hiyo unaona kwamba mfasiri wetu wa agasobanuye ana mababu wengi, nao wametapakaa duniani kote.

Calcutta, 1923: hadithi mikononi mwa wenyewe

Rabindranath Tagore ni jina ambalo mwanafunzi wa fasihi hawezi kulikwepa. Alikuwa mshairi na mwandishi wa hadithi wa Bengali, na mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, akiwa mtu wa kwanza kutoka Asia kuipata. Mwaka 1895 alikuwa ameandika hadithi fupi iitwayo "Manbhanjan". Jina hilo ni gumu kulifasiri kwa neno moja, lakini maana yake inakaribia "kukivunja kinyongo cha mpenzi".

Hadithi yenyewe ni hii. Giribala ni mke kijana, mzuri wa sura, anayekaa katika ghorofa ya juu ya nyumba ya kitajiri mjini Calcutta, mji ambao leo huitwa Kolkata. Mume wake, Gopinath, hamtazami tena. Kila usiku yuko kwenye jumba la maigizo, kwa sababu amepagawa na mwigizaji mmoja wa kike aitwaye Labanga. Giribala anaingiwa na shauku ya kujua ni nini kinachomteka mumewe, naye anakwenda huko kwa siri pamoja na mtumishi wake. Badala ya kuchukia, anashangazwa na taa, muziki na shangwe za watu. Baadaye Gopinath anakuja nyumbani, si kwa mapenzi, bali kuchukua vito vya mkewe kwa nguvu ili atoroke na Labanga. Jumba la maigizo linabaki bila nyota wake. Siku nyingi hazipiti, mwigizaji mpya anapatikana na jina lake linavuma mji mzima. Gopinath anarudi kumtazama. Mwigizaji anapojifunua ushungi, mume anaona kuwa ni Giribala, mke aliyemdharau. Anapiga kelele, anataka kuparamia jukwaa, anatolewa nje. Watazamaji nao wanaendelea kumtazama Giribala.

Mwaka 1923 mwongozaji aliyeitwa Naresh Mitra aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu bubu, nayo hutajwa kuwa filamu ya kwanza kutokana na kazi ya Tagore. Mwishoni mwa muongo huohuo mwongozaji mwingine, Modhu Bose, aliitumia tena hadithi hiyohiyo katika filamu aliyoipa jina la mhusika mkuu, Giribala, nayo pia ilikuwa bubu.

Nataka usimame hapa kidogo, msomaji wangu, utafakari ugumu wa kazi hiyo. Hadithi ya Tagore inahusu mwanamke asiyesikilizwa nyumbani, ambaye hatimaye anapata mahali pa kutoa sauti yake mbele ya watu. Sasa ichukue hadithi hiyo uitie katika chombo kisichotoa sauti! Kila kitu sharti kisemwe kwa macho, kwa ushungi unaofunuliwa, kwa mkono unaonyang'anya kidani. Yasiyoweza kusemwa kwa mwili yanaachiwa maandishi ya katikati na msomaji wa ukumbini.

Lakini ona pia jambo la pili. Mwandishi wa hadithi alikuwa Mbengali. Mwongozaji alikuwa Mbengali. Watazamaji wengi waliijua hadithi kabla hawajaingia ukumbini, kwa hiyo hata pale picha ilipokuwa na mwanya, wao wenyewe waliujaza kwa kumbukumbu zao. Picha ilikuwa bubu, lakini watu wake hawakuwa bubu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kukagua filamu, naam, na wanawake wa familia zenye heshima walikatazwa na desturi kuigiza, hata nafasi nyingi za kike katika filamu za wakati ule zikachukuliwa na wanawake wenye asili ya Kihindi na Kizungu. Hapakuwa na usawa kamili. Hata hivyo, hadithi ilitoka kwa wenyewe na kurudi kwa wenyewe.

Tagore mwenyewe hakuridhika na sinema ya siku zake. Katika barua ya mwaka 1929 alieleza kuwa sinema ilikuwa bado inatumikia fasihi kama mtumwa, na kwamba siku moja mtiririko wa picha ungepaswa kujieleza wenyewe bila kuegemea maneno. Alitamani picha isiyohitaji mkalimani. Mwaka 1932, filamu za India zilipokuwa zimeanza kutoa sauti, aliongoza mwenyewe filamu moja, Natir Puja, iliyotokana na mchezo wake wa kuigiza. Filamu nyingi za kimya za Bengali zimepotea, kwani zilitengenezwa kwa malighafi inayooza na kushika moto upesi. Hadithi, iliyoandikwa kwenye karatasi, bado ipo.

Vugiri, 1935: hadithi mikononi mwa wageni

Sasa turudi kwetu. Panda nami hadi Vugiri, katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe, kaskazini-mashariki mwa Tanganyika. Huko, mwaka 1935, Waingereza wawili waliweka kituo cha kutengenezea filamu kwa ajili ya Waafrika. Wa kwanza alikuwa Leslie Alan Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge katika Afrika Mashariki. Wa pili alikuwa Meja Geoffrey Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mradi wao uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na fedha zake nyingi zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani, huku Baraza la Kimataifa la Wamisionari likiuunga mkono.

Notcutt alikuwa na wazo hilo tangu miaka ya 1920. Akiwa msimamizi wa mashamba, alifikiri kuwa sinema ingeweza kuwaliwaza vibarua ili watulie kazini. Naomba ukumbuke chanzo hicho. Sinema haikuanza kwa swali la Mwafrika, bali kwa haja ya mwajiri wake.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 kituo cha Vugiri kilitengeneza filamu fupi zipatazo 35. Waigizaji walikuwa Waafrika, na mandhari ilikuwa ya Afrika. Filamu zilihusu malaria ya watoto, minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, kilimo cha kahawa, ngozi za mifugo na kodi. Mojawapo ya mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Ndani yake kibarua mmoja anazika mshahara wake ardhini, mwizi anamwona na kuufukua; mwenzake anauweka posta, nao unasalimika. Ni hadithi nyepesi yenye kuchekesha, na mafunzo yake yako wazi kama mchana.

Filamu hizo zilikuwa bubu. Huko Ulaya na Marekani sauti ilikuwa imekwisha kuingia katika filamu tangu mwisho wa miaka ya 1920, lakini mitambo yake ilikuwa ghali. Kwa hiyo mafundi wa Vugiri walipiga picha kwenye utepe mwembamba usio na sauti, kisha maneno wakayarekodi peke yake kwenye sahani za santuri. Lori lilipofika kijijini, kitambaa cheupe kilitundikwa, mtambo wa picha ukawashwa na santuri ikazungushwa kwa wakati mmoja. Filamu ileile iliweza kusema Kiswahili mahali hapa na Kiganda mahali pale, kwa kubadilisha sahani tu. Pale ambapo sahani ya lugha ya wenyeji haikuwapo, mtu alishika kipaza sauti na kuyasema maneno papo hapo. Msafara huo ulisafiri maelfu ya maili katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na watu makumi ya maelfu wakatazama. Rwanda, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwamo katika njia hiyo.

Unamtambua mtu huyo mwenye kipaza sauti? Ndiye babu wa mfasiri wetu wa kituo cha biashara. Lakini kuna tofauti kubwa. Mfasiri wa agasobanuye huongeza utani wake, humpa mhusika jina la kwetu, humkemea shujaa anapokosea. Yule wa mwaka 1935 alipewa maneno ya kusema. Sauti ilikuwa ya Mwafrika, lugha ilikuwa ya Mwafrika, uso kwenye kitambaa ulikuwa wa Mwafrika. Mawazo yaliyopitishwa humo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Mradi ulipokwisha, mwaka 1937, kilichapishwa kitabu cha kuusimulia, The African and the Cinema. Mwafrika yumo katika jina la kitabu. Waandishi wake ni wawili, Notcutt na Latham.

Sungura aliyeingia katika filamu

Miongoni mwa filamu za Vugiri ilikuwamo moja isiyohusu minyoo wala kodi. Iliitwa The Hare and the Leopard, yaani Sungura na Chui, nayo ilichukuliwa kutoka katika ngano. Hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu hapa ndipo Vugiri inapokaribiana na Calcutta: hadithi ya watu ikageuzwa filamu bubu.

Sungura huyu unamjua. Katika Kiswahili ni Sungura mjanja. Katika Kinyarwanda ni Bakame, ambaye bibi yako alikusimulia jinsi anavyomlaghai chui, fisi na hata simba. Watu wa bonde la Kongo wana Mboloko, paa mdogo mwenye akili nyingi, ambaye katika miaka ya 1950 padri mmisionari, Alexandre Van den Heuvel, alimtengenezea katuni huko Kongo ya Kibelgiji. Kila jamii imemchagua mnyama mdogo, asiye na meno makali wala kucha, ili kueleza jambo moja: mnyonge anaweza kumshinda mwenye nguvu kwa akili. Nadhani unaona mara moja kwa nini watu waliotawaliwa waliipenda hadithi hiyo.

Ngano, hata hivyo, haiishi katika matukio peke yake. Msimulizi wa Kiswahili husema "Paukwa!" na wasikilizaji hujibu "Pakawa!" Ndipo hadithi huanza. Huimba, nao huitikia, akisahau, humkumbusha, akirefusha, humwambia afupishe. Hadithi ni mali ya pande zote mbili. Filamu bubu yenye santuri haiulizi wala haijibiwi. Sahani huzunguka mpaka mwisho hata kama watu wote wanapiga kelele. Kwa hiyo hata pale ambapo Sungura alipewa nafasi yake kwenye kitambaa cheupe, alitengwa na wasikilizaji wake. Giribala alipoingia katika filamu, alikwenda pamoja na watu wake. Sungura alichukuliwa peke yake.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Mafunzo kuhusu malaria yalikuwa na faida, na Notcutt na Latham angalau waliamini kuwa Mwafrika anaweza kuigiza, kutazama na kuelewa, wakati Wazungu wengine walilibisha hilo. Kabla yao, mwaka 1929, mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki akiwaonesha watu filamu za mafunzo, naye akatoa taarifa kuwa walizielewa vizuri. Hata hivyo dharau ilidumu kwa muda mrefu. Kuna kisa maarufu cha filamu ya usafi iliyooneshwa kwa wanakijiji wa Kiafrika. Walipoulizwa wameona nini, walijibu, "Tumeona kuku." Watengenezaji walishangaa, maana hawakujua kuwa na kuku yumo. Walipoitazama tena wakamkuta, amepita kwa sekunde moja hivi kwenye pembe ya picha. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama ushahidi kuwa mwanakijiji hajui kutazama filamu. Mimi nakisoma kinyume. Wanakijiji waliona vizuri kuliko waliopiga picha! Walichokosa ni hadithi ya kuwaambia kwa nini wamtazame yule mtu wa usafi badala ya kuku wao.

Serikali za makoloni zilikataa kuugharimia mradi wa Vugiri, na ukafungwa. Filamu zake chache tu zinajulikana kuwa zimehifadhiwa, nazo ni za mafunzo: ya safura, ya wakulima wa Kingolwira na ya utabibu wa mifugo. Ile ya Sungura haimo. Lakini Sungura mwenyewe hajafa, kwa sababu hakuwa amekabidhiwa utepe wa filamu pekee. Jioni ya leo, mahali fulani juu ya ziwa hili la Kivu, bibi anamsimulia mjukuu.

Kipaza sauti kikibadilisha mikono

Historia haikusimama hapo. Mwaka 1952 ilitoka Tanganyika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, kuhusu mtu wa shamba aliyeingia mjini. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana aliyeitwa Rashid Kawawa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, Kawawa huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Filamu ilitengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, lakini mtu aliyesimama mbele ya kamera alijifunza kusema mbele ya watu, naye hakurudi tena kusemewa.

Sisi Wanyarwanda tunajua pia upande wa giza wa jambo hili. Filamu bubu ni picha isiyo na sauti. Redio ni sauti isiyo na picha. Mwezi Julai 1993 redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza hapa nchini. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, na kwa maneno yao ilimchora jirani kuwa adui, mpaka ikachochea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mwaka 2003, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilitoa hukumu katika kesi ya wakuu wa vyombo vya habari. Msikilizaji wa RTLM hakuoneshwa kitu. Aliambiwa tu, na wengi hawakuuliza. Usidhani basi kuwa swali la nani anayesemea ni la wapenzi wa sinema peke yao.

Lakini kipaza sauti kilekile kinaweza kujenga. Mwaka 2005 mtengenezaji filamu Eric Kabera alianzisha tamasha la filamu la Rwanda, ambalo watu wamelizoea kwa jina la Hillywood, kwa heshima ya milima yetu. Kitambaa kikubwa kinachojazwa upepo husimamishwa uwanjani, gari la mitambo hufika, na watu wa kilimani hukusanyika usiku kutazama. Je, huoni kuwa ni picha ileile ya mwaka 1935? Gari, kitambaa, umati, usiku. Tofauti ni moja: hadithi zinazooneshwa zimetungwa na Wanyarwanda, kwa Kinyarwanda, kuhusu maisha yetu. Na mwaka 2019, huko Ouagadougou, filamu ya Mnyarwanda Joel Karekezi ilitwaa tuzo kuu ya FESPACO, tamasha kubwa la sinema ya Afrika.

Jaribio la darasani

Sitaki uniamini kwa maneno matupu, kwa hiyo nitakueleza jaribio tulilolifanya darasani. Jioni moja nilipiga picha kwa simu ufukweni: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, ile ya wavuvi wa sambaza, ikiondoka kuelekea katikati ya ziwa, na mwanamke amesimama akiitazama. Nilizima sauti. Nikawaomba wanafunzi wawili waisemee picha hiyo kwa Kiswahili, kila mmoja kwa wakati wake, mwenzake akiwa nje.

Wa kwanza alisema, "Mama anamwombea mwanawe arudi salama, maana baba yake alizama humu ziwani." Darasa zima likanyamaza. Wa pili alisema, "Mama huyu amewakopesha wavuvi fedha, na sasa anahakikisha kuwa hawamtoroki." Darasa likacheka. Picha ilikuwa moja. Mwanamke alikuwa mmoja, na hakuwa ametoa neno. Nilipowauliza wenzao ni nani aliyesema kweli, ubishi ulidumu mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyetaja jibu la tatu: kwamba tungeweza kushuka ufukweni tukamuuliza mama mwenyewe.

Hilo, msomaji wangu, ndilo somo la leo. Kila siku unaletewa picha katika simu yako: za vita, za wakimbizi, za kiongozi anayepeana mkono na mwingine. Nyingi kati ya hizo ni bubu, hata zikiwa na kelele, kwa sababu maelezo yamebandikwa na mtu usiyemjua. Ukiipokea picha pamoja na maelezo yake bila kuyatenganisha, umerudi mwaka 1935, umeketi mbele ya lori, na santuri inakuzungumzia. Wahenga wa leo husema: akili za kuambiwa, changanya na za kwako.

Na kwako wewe unayejifunza Kiswahili nina neno la nyongeza. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za nchi yetu, na hapa mpakani unakisikia kila siku, kutoka kwa wafanyabiashara wa Bukavu wanaovuka Rusizi asubuhi na kurudi jioni. Wengi hukisoma ili wafaulu mtihani au wapate kazi, na hiyo ni sababu njema. Lakini lugha ni zaidi ya hayo. Anayejifunza kuisema lugha ya watu zaidi ya milioni mia moja anajifunza kujisemea mbele ya watu hao wote, bila kungoja mgeni aje na sahani yake ya santuri. Bakame anakungoja umvushe mpaka.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti moja kubwa kati ya njia iliyopitiwa na hadithi ya Giribala na ile iliyopitiwa na ngano ya Sungura na Chui.
2. Kwa maoni yako, mfasiri wa agasobanuye anapoongeza utani wake mwenyewe, anaiharibu hadithi au anaipa uhai? Toa sababu mbili.
3. Chagua picha moja uliyotumiwa wiki hii. Andika ni nani aliyeipiga, ni nani aliyeandika maelezo yake, na ni nani katika picha hiyo ambaye hakuulizwa.
4. Muombe mzee wa nyumbani kwenu akusimulie hadithi moja ya Bakame kwa Kinyarwanda. Iandike kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, kisha uisome kwa sauti mbele ya wenzako. Usisahau kuwaambia "Paukwa!", na usianze mpaka wakujibu.